Kusoma na Kuandika Kiingereza katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi: Historia Fupi kutoka Mishomoroni, Mombasa

Utangulizi

Katika elimu ya Kenya mwaka wa nne wa shule ya msingi ni kizingiti. Kabla ya hapo Kiingereza ni somo moja miongoni mwa mengine. Baada ya hapo ndicho chombo cha kufundishia karibu masomo yote. Makala haya yanakitazama kizingiti hicho kutoka Mishomoroni, mtaa wa Kisauni ulioko bara ya kaskazini ya Mombasa, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya jirani na ya mchezo wa watoto. Hoja yake ni moja: somo la Kiingereza halikukuta ubao mtupu. Lilikuta watoto ambao wengi wao wamekwisha kuonja kusoma kwa hati mbili, na sera za elimu hazikuuweka ujuzi huo katika hesabu zake.

Hati zilizotangulia

Yafaa ikumbukwe kwamba Mombasa iliandika kabla ya kuletewa shule za kizungu. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na mashairi ya Muyaka bin Haji (1776–1840) ni ushahidi wa mji uliokwisha kuizoea kalamu. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuiandika lugha hii kwa hati za Kilatini, hakuwa akiwatoa wenyeji katika giza la kutojua kusoma. Alikuwa akileta hati ya pili.

Kiingereza nacho kiliingia Kisauni kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, jirani na ilipo Mishomoroni ya leo, kiwe kituo cha watumwa waliokombolewa. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kufika pwani watu walioitwa Wafrika wa Bombay, yaani Waafrika waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa na kusomeshwa Nasik, huko India. Baadhi yao walijua Kiingereza, nao wakawa walimu na wasaidizi wa misheni. Hivyo miongoni mwa wasomaji wa kwanza wa Kiingereza upande huu wa maji walikuwa watu waliokwisha kunyang'anywa lugha zao za awali. Kwao Kiingereza kilikuwa mlango wa kazi na heshima, na sifa hiyo haijakiondoka.

Jambo la tatu lilitokea mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo mtoto wa Mombasa asemaye ndia, mtele na mato amefunzwa kuandika njia, mchele na macho. Kwa hiyo, hata kabla ya kukifikia Kiingereza, alikwisha kujifunza kwamba lugha ya daftari siyo ile ya nyumbani. Wale ambao nyumbani kwao husemwa Kigiriama, Kidigo au lugha za bara walikuwa na safari ndefu zaidi.

Sera na mitihani

Mnamo 1957 ulianza Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya 1964 iliuunga mkono mwelekeo huo, huku ikipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilirudi nyuma hatua moja: mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kichukue nafasi kuanzia la nne. Kwa Mombasa lugha ya eneo ilimaanisha Kiswahili, na katika hili Mishomoroni ilikuwa na bahati kuliko sehemu nyingi za nchi.

Hata hivyo, mitihani ndiyo iliyoamua kilichofundishwa. Mtihani wa CPE ulikuwa wa kuchagua jibu, wala Kiswahili hakikutahiniwa. Mwanafunzi aliweza kufaulu Kiingereza bila ya kuandika aya moja. KCPE ya kwanza, mwaka 1985, ilibadili mambo: insha ikarudi katika Kiingereza, na Kiswahili kikapata mtihani wake na insha yake. Kwa mara ya kwanza lugha mbili zilisimama sambamba mbele ya mtoto yule yule. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6 ulioanza 2022 ulikuja tena na maswali ya kuchagua jibu.

Darasani

Mtoto wa Kiislamu wa Mishomoroni hukaa katika shule tatu za kusoma. Chuoni husoma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sauti, na usahihi wa matamshi hutangulia maana. Katika Kiswahili kila herufi hutunza ahadi yake: anayejua silabi aweza kulisoma neno asilowahi kuliona. Katika Kiingereza ahadi hiyo huvunjwa kila mstari, kwani tough, though na through hufanana machoni na kuachana masikioni. Asomaye vizuri kwa sauti bila kuelewa siyo mvivu; analeta darasani adabu ya kusoma aliyofunzwa kwingine, na ambayo huko husifiwa.

Ndivyo ilivyo katika kuandika pia. Mwanafunzi aandikaye he akimtaja mamake hakosi kwa kutofikiri. Lugha yake husema yeye kwa mwanamume na mwanamke. Aachaye a na the huacha kitu ambacho Kiswahili hakina. Makosa haya yana sarufi yake, na mwalimu anayeijua huyasahihisha kwa kulinganisha lugha mbili badala ya kuyakata kwa wino mwekundu tu. Lakini ulinganishi huhitaji wakati. Elimu ya msingi bila malipo ya 2003 ilijaza madarasa kote nchini, na insha ndiyo huumia kwanza darasa linapojaa, kwa kuwa kila daftari lataka kusomwa peke yake.

Hitimisho

Haifai kupaka rangi nzuri kupita kiasi. Tathmini za Uwezo zimeonyesha nchini Kenya kwamba wapo wanafunzi wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili. Kuna basi watoto wa namna mbili ambao karatasi ya Kiingereza huwapa alama moja: yule asiyejua kusoma kabisa, na yule ajuaye kusoma ambaye hajakimudu Kiingereza. Wa kwanza ahitaji kufunzwa herufi. Wa pili ahitaji msamiati na mazoezi ya kutunga. Kuwachanganya ni kuwadhulumu wote wawili. Historia ya Kisauni yaonyesha kwamba hapana budi mwalimu wa darasa la nne ampe mtoto ukurasa wa Kiswahili asome, ndipo aamue ukurasa wa Kiingereza umemshinda kwa sababu gani.