Tanzania: Mikopo ya halmashauri kwa wanawake, na mambo yanayoifanya izae biashara

Katika nchi jirani ya Tanzania, sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Kati ya hizo, asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Walengwa wa lile fungu la kwanza ni akina mama lishe, wauza dagaa, mafundi cherehani, wafuga kuku na wakamuaji wa mawese, yaani watu ambao benki huwadai dhamana wasiyokuwa nayo.

Makala haya yanaeleza fedha hizo zinatoka wapi, hutolewa vipi na kwa nini zilisitishwa mwaka 2023. Yanaeleza pia mambo mengine ambayo, yasipokuwapo, mkopo hubaki kuwa deni tu, wala haugeuki kuwa biashara.

Chimbuko la fedha

Fedha hizo hutoka katika makusanyo ya halmashauri yenyewe: ushuru wa mazao na masoko, leseni za biashara, kodi za vibanda na ada nyinginezo. Kwa miaka mingi zilitengwa kwa maelekezo ya serikali tu, na halmashauri iliyobanwa na matumizi mengine iliweza kuzipitisha kando. Mwaka 2018 Bunge liliirekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na tangu hapo kutenga fungu hilo ni wajibu wa kisheria. Kanuni za utekelezaji zilifuata mwaka 2019.

Tanzania Bara ina halmashauri 184, na uwezo wao haulingani. Halmashauri yenye shilingi bilioni moja za kugawa kwa hesabu hiyo hupata milioni 40 za wanawake. Vikundi 10 vikipewa milioni nne kila kimoja, fungu limekwisha, na kikundi cha 11 hungoja marejesho ya wenzake. Kwa sababu hiyo mfuko huu huitwa wa mzunguko: kinachorudishwa na mkopaji wa leo ndicho atakachokopeshwa mwenzake kesho. Asiyelipa haidhulumu halmashauri peke yake. Anamfungia mlango mwanamke wa mtaa wa pili.

Mkopo hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hukikagua kikundi na kukiandaa, kisha maombi hupanda hadi ngazi ya halmashauri. Mkopaji haulizwi hati ya nyumba wala ya shamba, kwa kuwa dhamana yake ni wenzake: mmoja akishindwa, wengine humbeba.

Kusitishwa na kurejeshwa

Utaratibu huo ulitegemea uaminifu wa watu wengi kwa pamoja, na pale uaminifu ulipopungua, nyufa zilionekana. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha mikopo mingi isiyorejeshwa na vikundi visivyopatikana vilipotafutwa. Vingine huundwa kwa ajili ya kupokea fedha tu, zikigawanywa kila mtu anashika njia yake.

Aprili 2023 serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kuupanga upya utaratibu. Mwaka 2024 ikaurejesha kwa kanuni mpya. Halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kutoa mikopo kupitia benki, miongoni mwao Majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, na Manispaa ya Kigoma Ujiji iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Halmashauri nyingine zilibaki kutoa mikopo zenyewe, kwa masharti yaliyokazwa.

Kusitishwa huko kulikuwa na sababu, lakini gharama yake haikuwaangukia waliokula fedha. Kikundi kilichokwisha kulipa deni la kwanza na kujiandaa kuomba la pili kilingoja zaidi ya mwaka mmoja pamoja na wadanganyifu. Biashara ndogo haina akiba ya kungoja mwaka.

Kausha damu

Anayekosa mkopo wa halmashauri mara nyingi huangukia kwa wakopeshaji wa mitaani. Watanzania wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Hutolewa haraka, bila maandishi mengi, lakini hurejeshwa kila wiki au hata kila siku kwa riba nzito. Anayechelewa huchukuliwa vyombo vya ndani: godoro, runinga, jiko la gesi, pengine hata cherehani anayoshonea.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ililenga kuwaleta wakopeshaji chini ya usimamizi, ikawagawa katika madaraja manne. Daraja la pili ni la kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, na Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Daraja la nne ni la vikundi vya kijamii, yaani VICOBA na vinginevyo vya kuweka na kukopa, ambamo wanawake ndio wengi. Mama mwenye akiba katika kikundi chake na mkataba ulioandikwa ana pa kushika. Asiyejua kikomo cha riba husaini chochote anachowekewa mbele.

Benki yenye jina la wanawake

Njia nyingine iliyojaribiwa ni benki. Mwaka 2009 Tanzania ilifungua Benki ya Wanawake, kwa hoja kwamba benki za kawaida hazimwoni mfanyabiashara mdogo wa kike. Benki hiyo ilidumu miaka tisa. Mtaji wake ulikuwa mdogo, na mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta, ambayo sasa inaitwa Benki ya Biashara Tanzania.

Habari hiyo inatuhusu pia sisi tulio ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa Burundi nayo ilianzisha benki ya uwekezaji na maendeleo kwa ajili ya wanawake mwaka 2022. Funzo la Tanzania ni kwamba jina halitoshi kuisimamisha benki. Inahitaji mtaji wa kutosha, wakopaji wanaolipa, na matawi yanayofika kule wanawake wanakofanyia kazi.

Haki ya kumiliki

Mikopo ya kikundi ina ukomo. Mwanamke anayetaka kununua mashine ya kukamua mawese au kujenga ghala atafika mahali atakapohitaji mkopo wa benki wa jina lake, na hapo ataulizwa dhamana. Ndipo suala la ardhi linapojitokeza.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali sawa na mumewe. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinatamka usawa wa mwanamke na mwanamume katika kumiliki ardhi. Lakini Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalohusu urithi katika makabila mengi, linamweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume.

Mgongano huo ulifika mahakamani mapema. Katika mkoa wa Kagera, unaopakana na Burundi, Rwanda na Uganda, mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake alidai kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu mjini Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba katazo hilo ni la kibaguzi na linapingana na Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Hukumu hiyo inasifika hadi leo, lakini haikulifuta Tamko la 1963. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania irekebishe sheria hizo za mila, baada ya wajane wawili kulalamika kwamba walinyimwa urithi. Mwanamke asiyerithi hana hati, na kwa benki asiye na hati ni kama hana mali, hata akiwa amelilima shamba hilo miaka 20.

Marejesho na majira ya ziwa

Jambo jingine ni ratiba ya malipo. Tuchukue mfano wa mialo ya Kigoma, kama Kibirizi na Katonga, ambako wanawake hununua dagaa kwa wavuvi, huwaanika na kuwauza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kamili, mitumbwi hupumzika, na mapato ya mwuzaji hupumzika nayo. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mkopo unaodai kiasi kile kile kila mwezi hauijui kalenda hiyo, na mwenye bidii anaweza kuonekana mdaiwa sugu kwa sababu ya mwezi na ziwa.

Uanikaji nao ni hesabu ya biashara. Dagaa wanaotandazwa mchangani hushika mchanga na huharibika mvua inaponyesha. Wanaoanikwa juu ya chanja hukauka vizuri na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Upande wa Burundi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limesaidia kueneza chanja za kukaushia ndagala. Fedha ikitumika kujenga chanja, faida hubaki baada ya deni kwisha. Ikitumika kununua mzigo mmoja tu, mvua moja yaweza kuondoka nao.

Soko: zabuni na mpaka

Mwenye bidhaa nzuri anahitaji mnunuzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2016, ilizitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, wakiwamo wanawake, na sheria mpya ya mwaka 2023 imeendeleza upendeleo huo. Kwa hiyo kikundi cha washonaji kinaweza kuomba kushona sare, na cha mama lishe kupika chakula cha mikutano. Maombi hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki, hivyo kikundi kisichokuwa na mtu wa kuutumia hubaki nje hata kama mlango uko wazi.

Kwa walio karibu na mpaka, soko la pili ni nchi jirani. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anaweza kutumia cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa na kuvuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Masharti ya afya na ubora yanabaki palepale. Anayepita Kabanga na Kobero akiwa na cheti hicho ana haki ya kudai stakabadhi kwa kila anachotozwa; anayepita njia ya panya hana pa kulalamika akinyang'anywa mzigo.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kusaini

Uzoefu wa Tanzania unaonyesha kwamba mtaji ni hatua moja tu ya kumwingiza mwanamke katika biashara. Kikundi chochote, upande wowote wa mpaka, kitafaidika kikijiuliza haya kabla ya kuchukua mkopo: Je, wanachama wanajuana kiasi cha kubebana mmoja akiugua? Marejesho yanafuata majira ya biashara yetu, au yanafuata kalenda ya ofisi tu? Kitakachonunuliwa kitabaki baada ya deni kwisha? Kitaandikwa kwa jina la nani? Na mnunuzi wetu wa kwanza ni nani, naye hulipa lini?

Kikundi chenye majibu ya maswali hayo hakina sababu ya kuogopa mkopo. Kisichokuwa nayo ni heri kianze na akiba yake chenyewe, shilingi kwa shilingi au faranga kwa faranga, hadi majibu yapatikane.