Hori la Darajani na Kijito cha Rockville: Historia ya Kuyachunguza Maji ya Mjini

Mji husifiwa kwa majumba yake, misikiti yake na masoko yake, lakini uhai wake hutegemea maji. Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za masultani, mabaharia na mashekhe. Mara hii tunaomba radhi ya msomaji tuzungumzie jambo linaloonekana dogo: namna watu wa mijini walivyoyachunguza maji yao ili wajue kama ni safi au yamechafuka. Tutaanza kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, kisha tutavuka bahari hadi Rockville, mji wa jimbo la Maryland nchini Marekani, kaskazini-magharibi ya Washington. Huko kijito kimekuwa kikipimwa mwaka hadi mwaka, na habari zake zina la kutufunza sisi tuliofukia hori letu.

Rangi, ladha na harufu

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, alikuta kwenye milango ya misikiti kisima kimoja au viwili. Watu walichota maji kwa chombo cha mbao chenye kijiti cha urefu wa dhiraa moja, wakaosha miguu kabla ya kuingia. Maji yalikuwa mlangoni kwa sababu ibada ilianzia kwenye maji.

Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na elimu ya maji kabla ya maabara kuja. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyoenea pwani yetu, maji yanayofikia kulla mbili, kiasi cha lita 200 hivi kwa vipimo vya leo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike moja ya sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Yaliyo pungufu ya kiasi hicho hunajisika kwa kukutana nayo tu. Ndani ya hukumu hii mna mambo mawili ambayo mpimaji wa leo angeyatambua mara moja. La kwanza ni wingi wa maji ukilinganishwa na uchafu ulioingia. La pili ni dalili zilizotajwa kwa majina, ili mwanafunzi wa Lamu na mwanafunzi wa Unguja wapime kwa kanuni moja.

Hata hivyo, hukumu ya twahara iliwekwa kwa ajili ya ibada, na maradhi yana njia zake. Maji yenye kipindupindu huweza kuwa meupe, matamu na yasiyo na harufu yoyote. Jambo hili lilikuja kuugharimu mji wa Unguja.

Hori lililotoa jina la Darajani

Mji Mkongwe wa Unguja zamani ulikuwa karibu kisiwa. Upande wa mashariki palikuwa na hori lililojaa maji bamvua linapopanda na kubaki tope maji yanapokupwa. Ng'ambo ya hori walikaa watu wengi wa hali ya chini, na mpaka leo sehemu hiyo inaitwa Ng'ambo. Daraja lililovuka hori ndilo lililotupa jina la Darajani. Takataka za mji zilitupwa ufukweni na horini, na bahari ikaachiwa kazi ya kuzichukua. David Livingstone, aliyefika Unguja mwaka 1866, aliandika kwa kejeli kuhusu uvundo wa mji hata akalichezea jina la Zanzibar.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia tena, kikaendelea hadi 1870 na kuua maelfu ya watu. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati huo, alikusanya habari kwa wasafiri, wafanyabiashara na mahujaji, akafuata njia ya maradhi kutoka bandari hadi bandari na katika misafara ya bara. Kitabu chake kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki kilitoka London mwaka 1876. Robert Koch alikuwa bado hajakithibitisha kijidudu cha maradhi hayo. Alifanya hivyo miaka ya 1883 na 1884. Christie hakuwa na cha kutazama ndani ya maji. Alichokuwa nacho ni kuuliza, kuandika tarehe na kulinganisha.

Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia Oktoba 1870, ugonjwa ukiwa umetoka tu kuufyeka mji. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay baada ya mwaka 1859, na huko aliona mambo ya mji mkubwa. Miongoni mwa kazi zake zinazokumbukwa ni mfereji ulioleta maji Mji Mkongwe kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Maji safi yakaletwa kutoka mbali, na hori likabaki na uchafu wake. Katika karne ya 20 lilifukiwa hatua kwa hatua, na barabara ikapita juu yake. Leo mtu hununua samaki Darajani bila kuliona daraja wala maji.

Kijito kilichonusurika

Washington nayo ilikuwa na hori lake. Kijito cha Tiber kilipita chini ya kilima cha bunge, kikaunganishwa na mfereji wa mashua, kikageuka mtaro wa maji machafu. Katika miaka ya 1870 kilifunikwa, na juu yake ikajengwa barabara ambayo leo inaitwa Constitution Avenue. Kijito cha Rock Creek kilikaribia kupata ajali hiyohiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipimwa mpango wa kukiziba katika sehemu yake ya chini, na mpango wa kukiacha wazi. Ulishinda mpango wa kukiacha wazi. Sehemu yake ya juu zaidi mjini humo ilikuwa tayari bustani ya taifa tangu 1890.

Rock Creek huanzia karibu na Laytonsville, hupita mashariki ya Rockville, na baada ya mwendo wa kilomita 53 hivi huingia katika mto Potomac. Rockville imekaa juu ya mabonde matatu, ya Rock Creek, Watts Branch na Cabin John, na yote humwaga maji katika Potomac. Tangu 1958 mji huu huchota maji yake ya kunywa katika mto huohuo na kuyasafisha katika kiwanda chake. Anayeishi hapo huona kwamba kinachotiririka barabarani kwake kinaelekea kwenye kinywa cha mtu.

Mwaka 1940 majimbo ya bonde la Potomac pamoja na Washington yaliungana katika tume moja ya kupambana na uchafuzi wa mto. Tume hiyo sasa ina ofisi zake Rockville. Kuunda tume hakukuusafisha mto mara moja. Mwaka 1971 Washington ilipiga marufuku kuogelea katika mito yake. Sheria ya maji safi ya taifa ilipitishwa mwaka 1972. Na kwa kuwa kiasi cha thuluthi moja ya mji huo kina mabomba ya zamani yanayochanganya maji ya mvua na ya vyoo, mvua kubwa ikinyesha mchanganyiko huo humwagika vijitoni, hata Rock Creek.

Wadudu chini ya mawe

Wanaokichunguza kijito hupima joto, hewa iliyoyeyuka majini, chumvi na bakteria wa kinyesi. Katika wilaya ya Montgomery, ambayo Rockville ndiyo makao yake makuu, wataalamu wa serikali na raia wa kujitolea pia huingia majini na wavu. Hugeuza mawe na kuhesabu wadudu wachanga wanaoishi chini yake. Wako wasiostahimili uchafu, na wako, kama minyoo ya matope, wanaostahimili karibu kila kitu. Wa kwanza wakitoweka na wa pili wakiongezeka, kijito kimekwisha kutoa ushahidi. Kipimo cha leo hueleza maji ya leo. Mdudu aliyekaa hapo miezi kadhaa hueleza yaliyopita usiku, wakati hapakuwa na mtu wa kutazama.

Mambo yanayokidhuru kijito yamebadilika. Sasa ni lami na mapaa, ambayo huyakimbiza maji ya mvua yakabomoa kingo, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Chumvi hiyo haina rangi wala harufu, na ladha yake huchelewa kujulikana.

Juni 2006 mvua ile ile ilizijaribu pande zote mbili. Karibu na Rockville, ziwa la kuchimbwa la Needwood lilifurika hata bwawa lake likaanza kuvuja. Hitilafu ilionekana mapema, na watu zaidi ya 2,000 wakahamishwa. Bwawa halikuvunjika. Katikati ya Washington, maji yalirudi pale pale kijito cha Tiber kilipozikwa, yakaingia hata katika jengo la nyaraka za taifa.

Deni letu

Hatusemi kwamba Wamarekani wametushinda kwa hekima. Walifukia kama tulivyofukia, wakanywa maji machafu kama tulivyokunywa. Tofauti ni daftari. Rock Creek ina hesabu za mfululizo, na kwa hesabu hizo raia anaweza kusimama mbele ya wenye mamlaka na kusema kwamba maji ya mwaka huu si ya mwaka juzi. Hori la Darajani limetuachia jina tu.

Lakini daftari letu halijafungwa. Ziko hati za wakfu za Kiarabu zinazotaja visima, yako majina ya mitaa yenye chemchemi ndani yake, na wako wazee wanaojua kisima kipi kilikuwa kitamu kabla ya nyumba kujengwa juu yake. Tunawaomba wasomaji waziandike habari hizi kwa tarehe na mahali, na kando yake waandike hali ya maji ya sasa: rangi, ladha, harufu, na vile visivyoonekana ambavyo maabara inaweza kuvitaja. Maji yaliyofunikwa hayakuacha kupita, na mjukuu atakayechimba msingi wa nyumba atahitaji kujua anachimba juu ya nini.