Kuigiza na Kugeuka

Katika nchi ya Wairaqw, Wilaya ya Mbulu, ambamo mna Tlawi na ziwa lake dogo, wasichana wa zamani walipitia unyago ulioitwa marmo. Walitengwa na maisha ya nyumbani, wakakaa utawani, wakafundwa na wanawake watu wazima. Aliyeingia mtoto alitoka mtu mzima. Desturi hiyo ilikoma zama za utawala wa Waingereza, nasi hatuandiki habari zake kwa nia ya kuifufua. Twaikumbuka kwa sababu ya fikra iliyomo ndani yake: mtu hageuki kwa kuhubiriwa tu. Hana budi kutoka katika hali aliyoizoea, aijaribu hali mpya pamoja na wenziwe, kisha jamii impokee nayo.

Fikra hiyo ndiyo roho ya maigizo pia. Penina Muhando, katika kitabu Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976) alichokiandika pamoja na Ndyanao Balisidya, alitaja mambo manne yaundayo sanaa za maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja na watazamaji. Tukiutazama unyago kwa kipimo hicho, twaona kwamba Mwafrika hakungoja jukwaa la mgeni ili ajifunze kwa kuigiza.

Muhando, ajulikanaye pia kwa jina la Penina Mlama, hakuishia kwenye nadharia. Mwaka 1982 hadi 1983, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na vijana wa Malya, mkoani Mwanza. Vijana hao walichambua matatizo yao, yakiwamo ukosefu wa kazi na mimba za wasichana wa shule, wakayatungia maonyesho kwa kutumia wigashe, ngoma ya Kisukuma ichezwayo watu wakiwa wameketi. Baada ya onyesho wanakijiji walijadiliana. Hapo ndipo ilipo faida ya kuigiza: kijana asiyethubutu kumkosoa mzee barazani huweza kusema akiwa amevaa nafsi ya mtu mwingine.

Mwaka 1996 Mlama na Amandina Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana huchunguza vikwazo vya masomo yao, huvitungia mchezo, huuonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wote hujadili hatua za kuchukua. Baadaye FAWE, jumuiya ya waelimishaji wanawake wa Afrika, iliueneza mradi huo katika nchi nyingine za bara letu.

Lakini tusijidanganye. Msichana aweza kuigiza kwa ushujaa mwanafunzi anayekataa vishawishi vya mtu mzima, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Kesho yake akileta malalamiko ya kweli, akaambiwa kuwa hana adabu, mchezo utakuwa umemfunza kwamba ushujaa ni wa jukwaani tu. Mwari wa marmo hakurudi kwa watu waliokusudia kumtendea kama mtoto yule yule wa jana.

Kwa hiyo mwalimu ndiye mtazamaji mkuu, na kazi yake huanza pale mchezo unapokwisha. Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Tuzo ya mwanafunzi aliyethubutu kusema si makofi, ni kusikilizwa.