Suez na Ngao ya Kuazima

Sura ya Maida inafunguliwa kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba. Basi na tuutazame mkataba mmoja wa wakubwa wa dunia, tuone ulikwendaje.

Tarehe 4 Aprili 1949, mjini Washington, dola 12 zilitia saini mkataba wa NATO: Marekani, Kanada, na nchi kumi za Ulaya. Kiini chake ni kifungu cha tano: akishambuliwa mmoja, wameshambuliwa wote. Ulaya ilikuwa hoi kwa vita, na Urusi ikiitisha. Marekani ikawa ngao yake.

Haikupita miaka minane ngao ile ikaonekana mpaka wake. Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza na Ufaransa zikakaa faraghani na Israel huko Sèvres, karibu na Paris, wakapanga kuivamia Misri, na mshirika wao mkubwa wakamficha.

Rais Eisenhower alighadhibika. Hakupeleka askari, alishika mfuko. Pauni ya Uingereza ilikuwa ikiyumba, na Marekani ikakataa kuisaidia mpaka vita visimamishwe. Usiku wa tarehe 6 Novemba mizinga ikanyamaza, na kabla ya mwaka kwisha majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yamekwisha ondoka Port Said. Wala usidhani alifanya hivyo kwa kuipenda Misri! Alichelea Waarabu wasije wakaelemea Moscow. Dhuluma ilizuiwa, lakini na mtu mwenye hesabu zake.

Wawili wale walirudi kwao na mafunzo mbalimbali. Uingereza iliazimia kutotengana tena na Marekani, hata ikanunua kwake makombora ya Polaris. Ufaransa ikaona heri kujitegemea. Mwaka 1960 ililipua bomu lake la kwanza la atomiki, tena katika jangwa la Algeria, nchi ya Waislamu iliyokuwa ikipigania uhuru wake. Mwaka 1966 De Gaulle akaitoa Ufaransa katika uongozi wa kijeshi wa NATO, na makao makuu yakahamia Ubelgiji. Haikurejea mpaka 2009.

Na kifungu cha tano? Kilitumiwa kwa mara ya kwanza Septemba 2001, na aliyekingiwa alikuwa Marekani, si Ulaya. Vijana wa Ulaya wakaenda kufa Afghanistan.

Juni 2025, mjini The Hague, washirika walikubaliana kufikia mwaka 2035 kutumia asilimia 5 ya pato lao kwa ulinzi na mambo yanayohusiana nao. Aliyeshikilia sana jambo hilo alikuwa Marekani mwenyewe.