Waldo Semon
Waldo Lonsbury Semon (10 Septemba 1898 – 26 Mei 1999) alikuwa mkemia wa Marekani aliyetumia karibu maisha yake yote ya kazi katika utafiti wa mpira na plastiki. Alizaliwa Demopolis, Alabama, akasomea kemia katika Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka 1926 akaajiriwa na kampuni ya matairi ya B.F. Goodrich huko Akron, Ohio.

Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Gundi hiyo hakuipata kwa njia aliyoitarajia. Alipochemsha polivinili kloridi (PVC), dutu ngumu iliyoonekana haina faida, ndani ya kiyeyusho kizito, alipata kitu laini, kinachonyumbulika na kisichopitisha maji: PVC laini, ambayo leo hufunika nyaya za umeme na kutengenezewa makoti ya mvua. Inasimuliwa kwamba alimshawishi mkuu wake kwa kumwaga maji juu ya kitambaa kilichopakwa dutu hiyo, kikiwa kimetandazwa juu ya karatasi za bosi mwenyewe.

Baadaye aliongoza utafiti wa mpira wa bandia. Ameripol, uliotokana na butadieni, ulitangazwa mwaka 1940, muda mfupi kabla Japani haijaiteka Malaya na kuifungia Marekani mpira wa asili. Alitengeneza hata ubani wa kupuliza kutokana na mpira wa bandia, lakini kampuni haikuuthamini.

Alipewa Medali ya Charles Goodyear mwaka 1944. Alistaafu mwaka 1963.