Wezi 44 wa London na Mama 26 wa Buganda: Historia ya Kilio cha Mtoto (Sehemu ya 4)

Leo hatuongelei dozi wala chanjo. Leo ni historia, ila ni historia inayoingia mpaka chumbani kwako saa nane za usiku mtoto anapolia.

Pale kliniki kuna maneno nayasikia karibu kila wiki. "Usimbebe sana, utamzoesha." "Akilia mwache, atanyamaza mwenyewe." "Kadokoa hela? Mchape akome." Wanaoyasema ni watu wanaotupenda: mama mkwe, shangazi, jirani. Na msidhani ni maneno ya wasiosoma. Mwaka 1928 huko Marekani mwanasaikolojia mwenye jina kubwa, John B. Watson, alitoa kitabu cha malezi akiwaonya wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto ovyo. Asubuhi, alishauri, mpe mtoto mkono. Yaani mwanao umsalimie kama mgeni wa ofisini! Na kitabu kilinunuliwa sana.

Sasa ilikuwaje wataalamu wakabadilisha mawazo? Waliombadilisha mawazo dunia hii ni mwalimu kijana, fundi wa boila, wanafunzi waliokuwa wanaandika tasnifu zao, na akina mama wa Kiganda waliokubali kutembelewa nyumbani. Twende taratibu.

Mwalimu na mwanafunzi mwizi

Mwaka huohuo wa 1928, kijana wa Kiingereza wa miaka 21 aitwaye John Bowlby alikwenda kufundisha katika shule ndogo ya watoto walioshindikana. Alikuta huko kijana aliyefukuzwa shule nyingine kwa wizi. Alikuwa mpole, amejitenga, hana rafiki, na katika maisha yake hakuwahi kuwa na mtu mmoja wa kudumu wa kumwita mama. Alikuta pia kamtoto ka miaka saba au minane kalikokuwa kanamfuata kila anapokwenda, mpaka watu wakakaita kivuli chake. Mmoja hakumtaka mtu yeyote, mwingine hakuweza kuachana na mtu. Bowlby akaanza kujiuliza kama chanzo cha yote mawili si kimoja.

Mwenyewe alikuwa na sababu ya kuuliza. Kwao walikuwa na uwezo, na kama ilivyokuwa desturi ya matajiri wa Uingereza, alilelewa na yaya. Yule yaya aliyempenda aliondoka Bowlby akiwa na miaka kama minne, na baadaye akapelekwa shule ya bweni bado mdogo. Hakuyasahau maisha yake yote.

Akasomea udaktari, akabobea kwenye magonjwa ya akili ya watoto. Kati ya 1936 na 1939, katika kliniki moja ya London, alikusanya habari za watoto 44 walioletwa wakiwa na tabia ya kuiba. Akawalinganisha na watoto wengine 44 wa kliniki hiyohiyo ambao hawakuwa wezi. Matokeo aliyachapisha 1944. Kati ya wale wezi, 14 walikuwa baridi kabisa: hawamjali mtu, hawaoni aibu, ukiwapenda au ukiwachapa kwao ni sawa. Na kati ya hao 14, 12 walitenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo, wengine kwa kulazwa hospitali miezi mingi. Kwenye wale 44 wasioiba, waliotenganishwa hivyo walikuwa 2 tu.

Hapa tuwe makini, ndugu zangu. Bowlby mwenyewe ndiye aliyewahoji watoto na ndiye aliyewapanga kwenye makundi, na idadi ni ndogo. Tena mtoto anayetenganishwa na mama mara nyingi ana mengine nyuma yake: umaskini, ugonjwa, ugomvi wa wazazi. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema mtoto akitengana na mama lazima awe mwizi. Lililokuwa jipya ni swali. Mahakama na walimu walikuwa wanauliza, tumpe adhabu gani? Bowlby akauliza, huyu mtoto alimpoteza nani, na lini?

Fundi wa boila na kamera yake

Sehemu hii inanigusa kama muuguzi, maana inahusu wodi zetu.

Wakati wa vita kuu ya pili, Mskoti mmoja aitwaye James Robertson alikuwa akitunza boila kwenye vituo vya kulelea watoto vya Anna Freud, London. Pale kila mfanyakazi, hata wa boila, alitakiwa kuandika kwenye kadi anachokiona kwa watoto. Robertson akajifunza kuangalia. Mwaka 1948 Bowlby akamchukua kumsaidia, akamtuma kwenye wodi za watoto.

Miaka ile hospitali za Uingereza hazikutaka wazazi. Nyingine ziliruhusu kutembelea saa chache tu kwa wiki. Kulikuwa na hospitali kubwa London ambapo mwezi wa kwanza mzazi haruhusiwi kabisa kumtembelea mtoto wake, ila anaweza kumchungulia usiku akiwa amelala. Sababu ya manesi ilikuwa hii: mama akija mtoto analia, mama asipokuja mtoto anatulia.

Robertson akaona kwamba ule utulivu una hatua. Kwanza mtoto anapinga: analia, anatikisa kitanda, anaangalia mlango. Pili anakata tamaa: ananyamaza, hachezi, anakula kidogo. Tatu anaonekana amezoea: anacheka na kila nesi, lakini mama akija hamjali. Manesi walifurahia hatua ya tatu wakidhani mtoto amepona huzuni. Kumbe ameacha kutegemea mtu.

Alipowaeleza madaktari hawakumwamini. Basi mwaka 1952 akatoa filamu ya mtoto wa miaka miwili na miezi mitano, Laura, aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Alipiga picha muda uleule kila siku, saa ya ukutani ikionekana, ili mtu asiseme amechagua vilio tu. Na Laura hakuwa mtoto wa kupiga kelele. Alijikaza, midomo inatetemeka, akiuliza kwa sauti ndogo mama yuko wapi. Wengi waliokuwepo kwenye onyesho la kwanza walikasirika, wakasema hospitali zimetukanwa.

Ila waliendelea kubishana na picha, na picha haikubadilika. Mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kutembelea watoto muda wote na mama wa mtoto mdogo alale naye. Hospitali nyingi zilijivuta, mpaka 1961 akina mama wa London wakaunda chama chao kudai pendekezo hilo litekelezwe.

Tasnifu iliyosafiri hadi Kampala

Sasa turudi nyuma kidogo, Kanada. Mwaka 1939 binti aitwaye Mary Salter alimaliza shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Toronto. Tasnifu yake ilihusu usalama wa moyo: kwamba mtoto mwenye uhakika na watu wa kwao ndiye anayethubutu kutoka kwenda kujifunza mambo mapya, kwa sababu anajua pa kurudi. Akaolewa, akawa Mary Ainsworth. Mwaka 1950 alimfuata mumewe London kwa masomo ya mume, akatafuta kazi kupitia tangazo la gazeti, akaangukia ofisini kwa Bowlby. Huko alipewa kazi ya kuchambua maandishi ya Robertson. Akajiambia, siku moja nami nitaangalia watoto hivi hivi, nyumbani kwao.

Nafasi ilipatikana Uganda. Mume alipata kazi Kampala, na kuanzia 1954 Ainsworth alizunguka vijiji vya jirani akiwa na mkalimani wake, mwanamke wa Kiganda. Familia 26, watoto 28. Kila baada ya wiki mbili, saa mbili za mazungumzo sebuleni, mtoto akitambaa katikati yao, kwa miezi hadi tisa.

Alikuja kutafiti mambo ya kuachisha ziwa, maana aliambiwa Waganda wakimwachisha mtoto humpeleka kwa bibi. Akakuta wengi hawafanyi hivyo tena. Akabaki na alichokiona kwa macho. Mtoto anatambaa kwenda kumchunguza mgeni, katikati anageuka kumwangalia mama. Mama akisimama kutoka, mtoto anaacha kila kitu anamfuata. Mama akirudi, anapanda mapajani kidogo, halafu anashuka kwenda kucheza tena. Ile tasnifu ya Toronto ilikuwa inatambaa mbele yake.

Kabla ya hapo Ainsworth aliamini mtoto anampenda mama kwa sababu ya chakula. Buganda ilimfundisha vingine. Aliona watoto walioshikamana pia na baba, bibi au kaka ambao hawawanyonyeshi. Na aliona jambo jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote: mama aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani, anavyolala, anavyolia akiwa na njaa na anavyolia akichoka, ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye amani. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka 1967. Kwa hiyo mkisikia elimu ya kushikamana kwa mama na mtoto ikiitwa ya Kizungu, kumbukeni ilijengwa kwenye sebule za Waganda.

Wanafunzi wa Baltimore

Ainsworth akahamia Marekani, akawa mwalimu wa chuo kikuu Baltimore. Kuanzia 1963 yeye na wasaidizi wake walifuatilia familia 26 za huko. Kila familia ilitembelewa mara 18, saa nne kila mara, tangu mtoto ana wiki tatu hadi anapita mwaka.

Mwanafunzi wake Silvia Bell alichambua vilio. Mwaka 1972 walichapisha kwamba watoto walioitikiwa haraka miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka. Wapo watafiti waliobisha, na bado wanabishana. Lakini dhana kwamba ukimbeba kichanga analia unamfundisha kulia, ilipata pigo. Mwanafunzi mwingine, Mary Main, katika tasnifu yake ya 1973, aliwaangalia watoto wakicheza karibu na umri wa miaka miwili. Waliokuwa na amani na mama zao tangu wakiwa na mwaka mmoja walitulia kwenye mchezo muda mrefu zaidi. Walimu wa chekechea mnaonisoma, mnajua maana yake.

Sasa sisi tufanye nini?

Kichanga akilia, muitikie. Hutamharibu. Ukiwa umechoka mpaka hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje upumue, omba msaada. Na kilio kisichonyamazika, chenye homa au kukataa ziwa, mlete hospitali.

Mtoto akilazwa, kaa naye. Ukilazimika kutoka, mwage, mwambie unarudi, muachie kanga yako. Akilia ukirudi, msimseme kwamba anadeka. Mimi nikimwona mtoto wodini ametulia kupita kiasi, namwangalia mara mbili.

Mtoto akidokoa hela, mkanye na zirudishwe. Lakini kabla ya fimbo uliza nini kimebadilika: baba kahama? Dada aliyemlea kaondoka? Kuna mtoto mpya?

Na wewe mama unayefanya kazi, au uliyeko Muscat unatuma ada, usiifanye historia hii kuwa fimbo ya kujichapa. Bowlby alitumiwa sana kuwalaumu akina mama, na mwaka 1972 daktari Michael Rutter alionyesha kwamba kutengana kwenyewe si lazima kuharibu. Huharibu zaidi ugomvi wa nyumbani na mtoto kukosa kabisa mtu wake. Mtoto anahitaji mtu wake wa kudumu. Anaweza kuwa bibi, anaweza kuwa baba. Ubaya ni kumbadilishia walezi kila baada ya miezi miwili kama zamu za usiku.

Baba, usipite haraka hapa. Wale watoto wa Buganda walioshikamana na baba zao hawakuambiwa na mtu. Waliona nani anarudi, nani anawashika.

Sehemu ya 5 tutaongelea sonona baada ya kujifungua, maana mama naye anahitaji mtu wa kumwitikia akilia. Kama una swali, andika hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.