Mteremko, Mzigo na Goti Jipya

Rondo, nchi ya juu ya Wamwera nyuma ya Lindi, hufikia karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, na kingo zake ni kali. Aishiye juu haendi pwani bila kushuka, wala harudi bila kupanda. Kwa hiyo mtu wa huko aliyebadilishiwa goti akirejea nyumbani na hofu ya kuanguka, ni makosa kumwambia ajikaze tu. Hofu ile ni maarifa ya nchi ya miinuko, na historia ya wapagazi yaonyesha kwamba zamani maarifa hayo yalipewa kazi, hayakukemewa.

Tazama Tendaguru, kaskazini ya Rondo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na kwa kuwa mbung'o hawakuruhusu punda wala maksai, mifupa ilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu. Ulikuwa mwendo wa siku nne hivi, kila mtu na mzigo wa kama kilo 30. Mifupa mizito ilifungwa mitini ikachukuliwa na watu wawili au zaidi. Jumla ilipita tani 200. Mfupa wa namna ile ukidondoka huwa vipande, basi mpagazi aliogopea mwili wake na mzigo wake pia, na bado alitembea. Aliweza kwa sababu upagazi ulikuwa na desturi zake tangu enzi za pembe za ndovu zilizoshukia Kilwa Kivinje: kirangozi mbele akipima mwendo, kata kichwani, fimbo mkononi, wimbo wa kulinganisha hatua, na vituo vya kutua mzigo. Pembe zenyewe zina kisa chao katika habari hii. Mei 1890, mwezi ambao majeshi ya Kijerumani chini ya Wissmann yalitwaa tena Kilwa na Lindi, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa wa Berlin goti bandia la pembe. Maambukizi yaliishinda kazi yake.

Kuna atakayesema kwamba nausifu utumwa na shuruti. Ni kweli kwamba pembe nyingi zilibebwa na watumwa, na kwamba wapagazi wa Tendaguru walitoka katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuteketezwa na vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, huku kodi ya serikali ikiwasukuma kutafuta fedha. Lakini shuruti ilikuwa ya watawala, ustadi ulikuwa wa wabebaji. Kuunyamazia ustadi kwa sababu ya dhuluma ni kuwanyang'anya mara ya pili.

Pingamizi la wataalamu wa mazoezi tiba ni zito zaidi. Wao husema hofu yenyewe huangusha: mgonjwa anayeogopa hukaa, msuli wa mbele ya paja hunyong'onyea, na siku akiinuka goti halimshiki. Sibishi. Lakini hiyo ni hofu iliyoachwa peke yake kitandani. Hofu yenye fimbo mkononi na mtu wa kufuatana naye hupunguza mwendo, hutazama pa kukanyaga, na misuli hurudi. Ama aibu ya mkongojo, kwamba ni alama ya uzee, hiyo naiona ya juzi tu. Fimbo ilishikwa na vijana waliobeba mizigo kuliko mtu yeyote wa leo.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya 1996, hubadilisha magoti, na mgonjwa wa Rondo akitoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 400 kurudi kwao. Hospitalini amejifunza kutembea juu ya sakafu. Nyumbani anakuta choo cha kuchuchumaa, ambacho goti jipya halikipendi, na njia inayoteleza mvua ikinyesha. Wanaomwandaa wamfundishe mteremko kabla hajaondoka, wakiwa na ndugu yake atakayekuwa kirangozi wake. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia fimbo na mguu uliopasuliwa.